Riyali ya Bahiya

...nzima au imeguswa, aniuliza, na picha yenyewe ya sarafu haijateremka hata robo, inashuka ukanda kwa ukanda, kwanza ukingo wa juu, kisha kijistari cha kijivu, kisha inakwama, na Mcha mwenye duka hili la kompyuta anapiga kelele kule mlangoni kwamba mtandao leo mzito mji mzima, si kwake tu, anayetaka wepesi apande ndege aende Ulaya, na Khelef mkono wake uko begani kwangu kama Jumamosi zote, uso kauleta karibu na wangu kana kwamba naye anaona, haoni, mume wangu huyu macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho, kioo chote cha kompyuta kwake ni mwangaza tu, subiri bwana, namwambia, haijashuka bado, na yeye, "Haya, nnasubiri," kwa sauti ya mtu anayesubiri chai ichemke, hajui, hajui hata chembe kwamba mimi leo nimekuja hapa na moto kifuani, tangu jana arusini sijalala, tangu wifi yangu Tabia afungue kinywa chake... kinywa cha Tabia, dada yake Khelef, Mungu anisamehe, kile kinywa kingeshonwa kwa uzi watu wangepumua, tulikuwa chumbani kwa bi arusi, tunatizama vitu alivyovalishwa, na katikati ya kifua chake kuna riyali ya zamani, ya Seyyid Barghash, imetiwa kipete juu na kupitishwa mkufu, wanawake wanaishika mmoja mmoja, mashaallah, mashaallah, na Tabia akajipepea kwa upindo wa kanga akasema, "Hizi kila mtu hutoboa juu, marehemu Bahiya wetu peke yake ndiye aliyetoboa yake upande wa chini," wakamuuliza kwa nini, akasema, "Tulimcheka sisi! Tukamwambia, we Bahiya, riyali yako imesimama kwa kichwa, akatwambia, kwenu nyie ndiyo imesimama kwa kichwa, mimi nikiinamisha macho nnaisoma sawasawa, kwani nani anayeivaa, mimi au nyie?" na chumba kizima kikacheka, looo, Bahiya, mke wa Khelef kabla yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na maneno yule, na mimi nimeshika sambusa, haiendi mbele hairudi nyuma, kwa sababu palepale nililisikia masikioni mwangu neno moja la Khelef, neno la Jumamosi zote, wapi... imezibwa wapi...

tangu mpwa wake wa Muscat alipotufungulia huu mlango wa minada ya mtandaoni tunakuja hapa, Khelef ana duka la vitu vya kale kule Hurumzi, masanduku ya njumu, saa za ukutani zisizokwenda, mabirika ya shaba, na akasema anataka riyali za Barghash kwa ajili ya wateja wa mahoteli, lakini minada hiyo ina uongo kuliko soko, sarafu inauzwa kwa picha, mnunuzi haishiki mkononi, haigongi juu ya jiwe akasikia mlio wake, ndipo akaniambia, "Dalal, wewe mtoto wa sonara, niazime macho yako," niazime, alisema hivyo hivyo, na mimi mjinga nikafurahi, nikatoa buibui langu jipya, nimeombwa macho nikajiona nimeombwa mwenyewe, na macho ninayo kweli, mimi nimekulia kwenye kiwanda cha baba yangu, Zahran sonara, hila zote za fedha nimeziona zikizaliwa, kuna anayekwangua tarakimu ya mwaka akachonga nyengine ili sarafu ya kawaida iwe ya adimu, hiyo usiitizame tarakimu, tizama uwanja ulioizunguka, utauona umebonyea kidogo, kama zulia lililokaliwa na kabati, kuna anayemimina kwenye kalibu, hiyo ina vijitundu usoni kama mkate wa kumimina, na kuna hizi zilizozibwa, zilizovaliwa na wanawake wa kwetu hapa, zikatobolewa, zikavaliwa mpaka zikalainika, kisha zikauzwa, na sonara akaziba tundu kwa kipande cha fedha na kuchonga herufi juu yake, muuzaji anakuandikia kwa Kiingereza chake haijaguswa, haijatengenezwa, na ukiipitia haraka utamsadiki, lakini herufi iliyopigwa kwa muhuri imeumuka kutoka ndani, na ile iliyochongwa imekonda, imekaa mle kama mgeni kwenye picha ya familia, na mimi humuona mgeni yule mara moja, humwambia Khelef, hii imezibwa, naye, "Wapi?", juu, namwambia, pahala pa mkufu, naye, "Aa, basi, iache," tunakwenda kwenye nyengine, na ikiwa nzima kabisa, safi, haina kasoro, ile ambayo mwenye duka angeirukia, pia huiacha, "Hiyo ghali, iache," na mimi sikujiuliza, mfanyabiashara gani huyu anayeacha nzima kwa ughali kabla hajauliza bei, anaacha mbovu kwa ubovu, na Jumamosi ya pili yuko mlangoni kavaa kanzu anasema twende, sikujiuliza, mapenzi yamenifanya mpumbavu, mpaka jana na sambusa yangu mkononi... hatafuti riyali huyu, anatafuta riyali ya Bahiya, ile moja, iliyotobolewa chini, na mimi mkewe ndiye niliyeshikishwa taa nimmulikie.

"Imefika wapi?" aniuliza, karibu nusu, namwambia, na ni kweli, nusu ya juu ya riyali iko mbele yangu, herufi za Kiarabu zimesimama safu, nene, zimeumuka vizuri, juu hakuna kipete, hakuna lehemu, hakuna kiraka, fedha ya zamani iliyokaa kijivu sawasawa, juu nzima kabisa, na moyo wangu umeanza kupiga ovyo kwa sababu ukingo wa juu umelainika lakini haukutobolewa, na sarafu iliyovaliwa hulainika, na iliyovaliwa bila ya kutobolewa juu imetobolewa wapi... aa, Dalal, usijitie wazimu, sarafu ngapi zimelainika mifukoni mwa watu, na yule kijana Kheir anayetembeza wageni msitu wa Jozani amekaa kompyuta ya pili anasoma barua za wageni wake na kucheka peke yake, "Ati kima wetu wameula mkaa wake, Mcha! Mgeni anauliza kama mkaa unawadhuru!" na Mcha, "Mwambie kima wa Jozani wanakula mkaa kabla yeye hajazaliwa," wanacheka, na Khelef naye anacheka, pumzi yake inanipiga shavuni, ina harufu ya iliki, na mimi nnamchukia kwa kucheka kwake na nnaitaka ile pumzi isiondoke, yote mawili kwa pamoja, kwani lini tena huniletea uso wake karibu namna hii, nyumbani hukaa upande wake wa baraza na redio yake, kitandani hulala mapema, mtu mpole, hanipigii kelele, hajanivunjia hishima siku hata moja, akininunulia kitu sokoni huniletea kizuri, lakini kunisogelea, uso kwa uso, bega kwa bega, ni hapa tu, mbele ya kioo hichi, na njia nzima ya kuja kaniwekea mkono begani kwa sababu ya macho, tunapita vichochoro taratibu, watu wa barazani wanatwamkia, watizame hao, bwana na bibi wanavyokwenda, na tukitoka hapa tunapita kwa muuza urojo, anataka bakuli moja vijiko viwili, mimi ndiye nnayemwambia kiazi kiko wapi bajia iko wapi, nikajisemea, Dalal, uzeeni ndipo umepewa mume, umemngoja ukampata, kumbe mume kaja kutafuta mkufu wa mkewe.

Mkewe, nasema mkewe, na mimi nani, mimi nimeolewa na mume wa mtu, tena mtu mwenyewe maiti, na maiti huwezi kugombana naye, mke mwenza aliye hai humuona anazeeka, humsikia anakohoa, siku moja atachoma wali na wewe utapumua, lakini Bahiya hachomi wali, hazeeki, kakaa vile vile na umri wake ule, mimi ndiye nnayeota mvi na yeye yuko kwenye ile picha kabatini, kavaa gauni la mikono mifupi, kichwa kainamisha kidogo, na riyali yake kifuani imegeuka juu chini, na wallahi ile riyali ndiyo iliyokuwa faraja yangu, kila nikifungua kabati kutafuta shuka nikiitizama nasema moyoni, tizama, hata kuvaa kidani hakujua, mimi mtoto wa sonara ningelikiweka sawa, faraja ya kijinga lakini yangu, na jana Tabia kanipokonya, kwani kumbe hakukosea, alivaa kwa ajili yake, sisi wengine wote hutobolewa juu ili watu wasome, yeye akataka kusoma mwenyewe, na mwanamume aliyelala na mwanamke wa namna ile atamsahau vipi, hebu niambie, mimi mwenyewe nimesikia hadithi yake mara moja tu na toka jana simsahau... nnamuonea wivu, haya, nimesema, nnamuonea wivu Bahiya, nilimuonea tangu siku niliyoingia kwa Khelef, nyumba yao ilikuwa Mbweni, kule kwenye magofu ya wamishionari, nikakataa kulala mle hata usiku mmoja, nikasema mbali na mji, mbu wengi, naye hakubisha, akaipangisha akanitafutia nyumba mjini, na jina lake hajalitamka mbele yangu, kwa hishima, nilidhani amesahau, kumbe amelificha kama watu wanavyoficha dhahabu, chini kabisa ya sanduku, kila Jumamosi anafunua anatizama, na mimi nimekaa juu ya kifuniko nadhani ni kiti... na Tabia akamalizia jana, hakutosheka, kila kidonda lazima akitie ndimu, akasema ile riyali iliuzwa Bahiya alipokuwa mgonjwa, apelekwe Muscat akatibiwe, akaivua mwenyewe kitandani akamtilia Khelef mkononi, akamwambia, "Kaiuze, lakini usije ukaisahau," na wanawake wakatia mikono vifuani, masikini ya Mungu, na hawakuisahau, Bahiya akafa na mumewe hakuisahau, na mimi nimeishi ndoa yangu yote mbele ya jicho la mtu anayetizama nyuma yangu.

"Dalal." Naam. "Mbona kimya? Imeshuka?" Inashuka bwana, uvumilivu, na kweli inashuka, sasa ukanda mwengine umeingia, kiuno cha riyali, na mwengine, na saa ya mnada pembeni inarudi nyuma, muda si mrefu itafungwa, wanunuzi wawili watatu tu wanaoshindana huko duniani, na mimi nshapanga, tangu usiku nimepanga, ikitokea siku ikaja kwenye kioo ile yenyewe, nitasema nzima, neno moja tu, nzima, naye atasema hiyo ghali, iache, na itakwenda zake kwa Mzungu mmoja aiweke kwenye kasha la kioo, na Jumamosi ijayo Khelef atakuwa mlangoni kavaa kanzu anasema twende, na ya baada yake, na ya baada yake, mkono begani, iliki shavuni, bakuli moja vijiko viwili, atatafuta mpaka siku ya kufa kwake na atatafuta na mimi, nani atamwambia, haoni, mpwa wake haoni tofauti ya riyali na kifungo, mimi peke yangu ndiye nnayejua, Bahiya kampata mwenye macho, mimi nimempata asiye na macho, basi hiyo ndiyo haki yangu, nisemapo nzima ni nzima, na nikisema imezibwa chini, yamekwisha, ataipata, atairudisha, ataitia kwenye kitambaa, na Jumamosi atakaa na redio yake barazani, ana haja gani tena ya macho yangu, kishaona alichotaka kuona, mtu akishapata alichopoteza anamshukuru mmulikaji akamwambia zima taa... si uongo mkubwa, ni neno moja, na hata si uongo wote, juu nzima kweli... "Kitu gani kiko wazi mpaka sasa?" aniuliza, nusu ya juu, namwambia, safi, na nasikia mkono wake umelegea kidogo begani, amekata tamaa na hii, anadhani nzima, na mimi sijasema, sijasema uongo bado, ameusema mwenyewe.

Ukanda wa mwisho... umekwama... Mcha anapiga sanduku la mtandao kwa kiganja... na umeshuka, umeshuka wote kwa mara moja, na chini pale, chini ya maandishi, karibu na ukingo, mgeni yuko amekaa katika picha ya familia, kiraka kidogo cha duara, rangi yake si ya kijivu, ni nyeupe yenye umanjano kwa mbali, fedha ya jinsi nyengine, na juu yake herufi imechongwa kumalizia neno, imekonda, na mkia wake, yaarabi, ule mkia, haukukatika pale unapotakiwa kukatika, umepanda juu kidogo mwisho, umejikunja kama unataka kucheka, na mimi mkia ule naujua, mimi mwenyewe nnaandika hivyo, nikiandika jina langu kwa Kiarabu mwalimu chuoni alikuwa akinichapa kwa mkia ule, akaniuliza nani kakufundisha, nikasema baba, baba yangu kanishika mkono juu ya ubao wa kazi, na baba yangu kila alichokichonga, bangili, vikuku, vishikizo vya majambia, alikimalizia vile, hakuweza kuacha, mkono wake wenyewe ulikuwa ukipanda... hiyo kazi ya baba... hiyo kazi ya baba, Zahran sonara, kiwandani kwetu, na ilikuwa mwaka gani, nilikuwa nimemaliza shule, kabla sijaposwa, tulikuwa bado na koleo la mbao mlangoni, alama ya kiwanda chetu, na mtu alikuja asubuhi kavaa kanzu imekunjika, akatoa kitu kwenye leso, baba akakitizama, akasema, "Mbona imetobolewa upande huu, bwana wangu?" na yule mtu akasema, "Ya mke wangu. Unaweza kuiziba isionekane? Mnunuzi anataka nzima," na baba akajaribu fedha mpya ikawa nyeupe mno, inapiga kelele, akaniita, "Dalal!" Naam, baba. "Lete mkebe wa vikorokoro," na mkebe ukamiminwa na ndani yake kilikuwamo kikuku changu cha utotoni, kile nilichovishwa nilipoanza kutembea, kimepasuka, hakinifai tena, baba akakikata kipande kidogo kama punje ya mtama, akaniuliza kwa jicho, nikasema kichukue, kwani kitakuwa na kazi gani, na nikaenda kuleta kahawa, na niliporudi na dele nikasimama nyuma ya pazia la mlangoni, kwa sababu yule mtu, baba akiwa anapuliza moto, yule mtu alikuwa amevua kofia yake, kaiweka usoni, kaishika kwa mikono miwili, na mabega yake yanatetemeka, na baba hakugeuka, akaendelea kupuliza, akimpa nafasi yake, na mimi nyuma ya pazia kahawa inapoa, sijawahi kumuona mwanamume analia namna ile, wanaume wetu hulia misikitini au hawalii, na huyu analia ndani ya kofia kwa ajili ya kidani cha mkewe, na nikajisemea moyoni, nakumbuka nilivyojisemea, yarabi, kuna mwanamke ana mtu wa kumlilia hivi.

Ile kofia nikaikumbuka maisha yangu yote, riyali nikaisahau, sikuiangalia hata mara moja, nani ataangalia riyali pale, na Bahiya alipokufa na maneno ya watu yakapoa midomoni na Tabia akaja kwetu na ujumbe, baba akaniuliza, Dalal, yule bwana Khelef, wa kule Mbweni, mjane, unamtaka? sikungoja amalize, ndiye yule wa kofia, nilimtaka tangu nyuma ya pazia, mama akasema mwanangu yule bado ana majonzi, nikasema ndio, nnajua, na nikacheka, mwari wa kwanza Unguja nzima kuolewa kwa sababu ya majonzi ya mtu... sasa mimi nilimpenda kwa nini, hebu jiulize sawasawa, Dalal, mbele ya kioo hichi, nilimpenda kwa vile alivyompenda yeye, sikumpenda kwa lolote jengine, sikumjua lolote jengine, sura yake ilikuwa ndani ya kofia, na miaka yote hii nnataka asahau, nnaomba asahau, na angelisahau ningelibaki na nani, ningelibaki na mwenye duka la masanduku, mtu anayeuza cha mwenziwe bila ya kuumia, na huyo nisingelimpa hata kahawa... wivu haujaondoka, usinidanganye, uko pale pale kifuani, umekaa chini tu, unapumua, lakini umekaa karibu na kitu kingine sikijui jina, na macho yangu yako kwenye kile kiraka, punje ya mtama, umanjano kwa mbali, kikuku changu, mguu wangu wa mtoto, imekaa pale alipokuwa akipitisha uzi mwenziwangu, na imekaa miaka yote hiyo, imevuka bahari na wauzaji na makasha, haijatoka, haijalegea, baba hakuwa sonara wa kulegeza, na Mzungu gani huko anaitizama na kusema nzima, na baba angecheka kaburini kusikia mimi nimesema nzima, angesema, mwanangu naye nimemdanganya, kazi imetimia...

"Dalal," na saa ya mnada imekuwa nyekundu, "mbona unapumua hivyo? Imeshuka yote?" Imeshuka, namwambia. "Nzima?" Na Kheir bado anacheka na kima wake, na Mcha anamuuliza mtu wa nje kama ana chenji, na pangaboi linazunguka vile vile linaburura waya wake, na neno liko mdomoni, nzima, limekaa juu ya ulimi, halina uzito wowote, naliona, nalimeza, linapita taratibu kama ile sambusa.

"Imezibwa," namwambia. Naye, kama Jumamosi zote, bila ya kuharakisha, bila ya kuinua sauti, mtu anayeuliza chai imekolea, "Wapi?"

Chini, Khelef, namwambia, imezibwa upande wa chini, na kazi ni ya baba yangu, na fedha iliyotiwa mle ni ya kikuku changu, na nimemaliza, sina jengine, pumzi yake imesimama shavuni kwangu, na saa ya mnada inakwenda, na mkono wake uko begani bado, nausikia, haukukaza haukulegea, na mimi sigeuki, sithubutu kugeuka, nimekaa na macho yangu kwenye kioo nausikiliza ule mkono, kama utaondoka.